Kilemba Juu ya Printa

Siku Hafidha alipoanza kwenda ofisi ya kompyuta, babu yake Hatibu alimsindikiza mpaka chini ya ngazi za lile ghorofa, akamshika mkono kama mtu anayekabidhi amana, kisha akarudi Ngarenaro kwa miguu. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinauzwa. Viwanda viliuzwa, mashamba ya serikali yaliuzwa, hata vyuma vya uzio wa maghala ya ushirika vilikatwa vikapimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu. Huko juu kwenye miteremko ya Meru watu waling'oa mibuni waliyopandiwa na babu zao, wakapanda nyanya. Na mjini Arusha kila kijana aliyeonekana ana akili aliambiwa neno moja tu: kompyuta.

Hatibu alikuwa fundi cherehani. Alipanda bara kutoka Pangani akiwa kijana, nyuma ya fundi wake, na hakurudi tena. Wakati mmoja baraza lake liliunguruma kwa vyerehani toka asubuhi kama mvua juu ya bati. Wafugaji wa Oldonyo Sambu, wakishauza ng'ombe, walipita kwake kupima makoti. Walutheri wa mlimani walimletea vitambaa vya suti za watoto wa kipaimara. Mtu alipimwa, akarudi kujaribu, akarudi tena kuchukua. Na alipoivaa ile nguo ilikuwa yake, imekatwa kwa bega lake. Kisha milango ya nchi ikafunguliwa na marobota ya mitumba yakaingia. Watu wakajifunza kutembea ndani ya mabega ya wengine, mikono ya makoti imewapita vidole, nao wakajiona wamependeza.

Hatibu hakugombana na dunia. Aliuza vyerehani kimoja baada ya kingine, akamlipia mjukuu wake chuo, akabakiza kimoja cha kupunguzia suruali za mitumba za watu. Hakuwa na mwingine wa kumsomesha. Mwanawe, baba yake Hafidha, alikwenda kutafuta bahati kwenye machimbo ya vito akarudishwa amefunikwa shuka. Nyumba ikabaki na yeye, Zamda mkwewe, mama yake Hafidha, na huyo binti.

Chuo kilikuwa na sharti lake. Diploma haitolewi mpaka mwanafunzi amalize mafunzo kazini, wenyewe wakiyaita fildi, na alete cheti kilichotiwa muhuri na mwenye ofisi. Mwenye ofisi aliyempata Hafidha aliitwa Shamsudin, mtoto wa muuza vitambaa wa hapo hapo Ngarenaro, ambaye marehemu baba yake alimkopesha Hatibu majora miaka na miaka. Shamsudin alisoma India, akarudi na tai shingoni na ofisi ya kuuzia programu kwa hoteli na makampuni ya watalii.

"Miezi sita kwangu," alimwambia Hafidha siku ya kwanza, "utatoka hapa unaandika programu kama unavyoandika barua."

Miezi sita ikapita. Hafidha alikuwa anapokea simu. Alikuwa anaingiza majina ya watalii kwenye kompyuta, anafuta vumbi, anapika chai ya wateja. Programu zenyewe, zile alizokwenda kujifunza, zilikaa kwenye disketi ndani ya kabati la chuma, na ufunguo wa kabati ulikaa kwenye mfuko wa suruali ya Shamsudin. Kila alipouliza lini ataonyeshwa zinavyoandikwa, alijibiwa kuwa hiyo ni siri ya ofisi, avute subira. Alipouliza habari ya cheti, Shamsudin alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Kazi ya mteja haijaisha. Mtu anaondoka katikati ya kazi?"

Na kazi ya mteja haikuisha, kwa sababu ikimalizika ya huyu inaanza ya yule.

Chai haikumuumiza. Kilichomuumiza ni kwamba alikuwa anasahau. Chuoni aliwahi kuandika programu yake mwenyewe, ndogo: unaipa kipimo cha kifua na urefu wa mtu, inakwambia shati lake litakula kitambaa kiasi gani. Siku alipoimaliza, babu yake alifika chuoni na futi yake ya kitambaa, akaijaribu kwa vipimo vya watu aliowajua kwa moyo, akatikisa kichwa. "Inakula kitambaa bure hiyo mashine yako," alisema, "lakini hata mimi nilipoanza nilikula." Hafidha hakuwahi kusifiwa zaidi ya hapo. Sasa alikaa mbele ya kompyuta ya ofisini wakati wa chakula, watu wametoka, akajaribu kuiandika upya, na hakukumbuka hata inavyoanza. Alitazama ile alama inayometa kwenye kioo, inawaka, inazima, inamngoja. Akaifunga mashine, akaenda kuosha vikombe.

Jioni hiyo, baada ya magharibi, alilitoa lililokuwa moyoni.

"Babu, nataka kuacha."

Hatibu alikuwa anatunga uzi. Hakuinua kichwa. "Kuacha nini?"

"Fildi. Sijifunzi kitu. Napokea simu na kupika chai."

"Chai hata mimi nilipika. Mwaka mzima wa kwanza kwa fundi wangu nilipuliza mkaa wa pasi na kuokota pini sakafuni. Sikugusa mkasi."

"Mwaka wa pili ukaugusa."

Uzi ulikwepa tundu la sindano. "Nikaugusa," alikiri.

"Mimi sitaugusa, babu. Mkasi wenyewe umefungiwa kabatini."

Zamda, aliyekuwa anachagua mchele pembeni, aliweka ungo chini. "Na diploma? Vyerehani vya babu yako vimeliwa na chuo kile kimoja kimoja, mimi naviona vinavyobebwa. Ukitoka bila cheti, tumeuza vyerehani tukanunua nini? Ujuzi wa kupika chai? Si ningekufundisha mimi bure!"

"Mwache," alisema Hatibu. Kisha akaongea taratibu kama anayekumbuka njia ya zamani. "Kutoroka hapana. Mwanafunzi anayemtoroka fundi wake hafungui kazi ikafunguka. Nimewaona. Lakini kuna njia ya kuondoka, na njia hiyo inamfunga fundi, siyo wewe. Nitakwenda mwenyewe."

Njia hiyo ilikuwa kilemba. Kwa mafundi wa pwani waliomlea Hatibu, mwanafunzi akishakaa vya kutosha, wazee wake walimpelekea fundi sinia: kitambaa cha kilemba kilichodariziwa, halua, na udi. Fundi akikipokea mbele ya shahidi na kusema ameridhia, basi kazi imekwisha. Hana tena haki ya kumzuia mtoto wa watu. Anamwekea mkasi mkononi, na tangu siku hiyo mtoto ni fundi, akitaka anafungua baraza lake hata mlango wa pili. Hakikuwa zawadi ya kubembeleza. Kilikuwa kufungua mkono wa mtu, na hakuna fundi mwenye heshima aliyekikataa.

Hatibu alinunua kitambaa cheupe kilicho safi kuliko vyote alivyoviona sokoni, akakidarizi ukingo kwa mkono, kwa uzi wa rangi ya udongo, kila alasiri, miwani imemshuka puani. Vidole vyake vilikuwa vimezoea mapindo ya suruali za jinzi. Mwanzoni vilikosea akafumua, akarudia. Hafidha alimwomba walau aende nyumbani kwa Shamsudin, siyo ofisini.

"Kilemba kinapelekwa penye kazi," alijibu. "Nyumbani kwa mtu inapelekwa posa. Unataka nikuposee Shamsudin?"

Zamda alicheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo nyumba ile ilikaa muda mrefu bila kucheka.

Hatibu alipanda ngazi za ofisi asubuhi moja, kanzu imepigwa pasi, sinia imefunikwa, na nyuma yake Mzee Sifael, muuza viatu wa jirani, aliyeombwa awe shahidi. Sifael alikuwa Mmeru na Mlutheri, hakujua lolote kuhusu kilemba, lakini alivaa koti la kanisani. Shamsudin alikuwa na mteja, mwenye magari ya watalii, mtu mwenye simu mbili mezani. Hafidha alisimama mlangoni, birika mkononi.

"Shikamoo, mzee Hatibu," Shamsudin alisema huku akisimama nusu. "Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nimekuletea kilicho chako." Hatibu aliiweka sinia mezani, akafunua. Harufu ya udi ikajaa kile chumba cha nyaya. "Umekaa na mtoto wetu, umemlea kikazi. Mimi na huyu ndugu yangu tumekuja kukuambia asante, na kukuomba radhi kwa ajili yake."

Mwenye magari alizuia tabasamu. Shamsudin alimtazama mteja, akatazama halua, akatazama mteja tena. Masikio yalimwiva.

"Mzee, hapa mambo hayaendi hivi. Siku hizi..." Akaishia hapo, kwa sababu mzee alikuwa anamtazama, na ndiye aliyemkatia nguo yake ya kwanza ya Idi. "Haya. Asante. Nimepokea, mzee. Nimepokea."

"Umeridhia?"

"Nimeridhia, nimeridhia. Msiwe na wasiwasi na huyu binti, nitamwangalia."

"Umesikia, Sifael?"

"Nimesikia," alisema Sifael kwa sauti ya kanisani.

Hatibu alirudi Ngarenaro akitembea katikati ya barabara. Jioni aliita majirani, ikasomwa dua fupi, kahawa ikazunguka. Kwa kuwa Shamsudin hakumkabidhi Hafidha kitu mkononi, Hatibu alisema labda kwenye kazi za kompyuta hakuna cha kushikwa; akachukua mkasi wake mwenyewe, ule mzito mweusi aliowekewa mkononi na fundi wake, akauweka kwenye kiganja cha mjukuu wake mbele ya watu. "Huyu sasa ni fundi," alisema. "Cheti atakichukua akipita. Ni karatasi tu." Watu wakasema inshallah. Hafidha alishika mkasi, ubaridi wake ukampanda mpaka kwenye kiwiko, na kwa usiku ule mmoja aliamini.

Jumatatu alipanda kwenda kuchukua cheti na kuaga. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kilemba. Kilikuwa kimetandikwa juu ya printa kuzuia vumbi. Ukingo uliodariziwa ulining'inia upande mmoja, na tayari ulikuwa na doa jeusi la wino. Sahani ya halua ilikuwa tupu juu ya kabati.

"Hafidha, njoo," Shamsudin aliita. Alikuwa mchangamfu. "Babu yako alinitia aibu mbele ya mteja, lakini sina kinyongo, ni wazee wetu. Nimelifikiria ombi lake."

"Ombi gani, bosi?"

"Si alikuja kukuombea kazi? Nimekubali. Kuanzia mwezi ujao ni wa kudumu. Mapokezi. Utakuwa na kiti chako, na simu yako."

Hafidha alitaka kusema kwamba babu yake alikuja kumtoa, siyo kumwingiza. Maneno yalimjaa kinywani yakakosa pa kuanzia. Angeanza na fundi wa Pangani? Angeanza na mkasi?

"Na cheti cha fildi?" aliuliza.

"Cheti cha nini tena, na kazi umeshapata? Wenzako wanalilia kazi." Akachukua simu.

Godbless alimkuta kwenye jiko dogo la nyuma wanapooshea vyombo. Godbless ndiye aliyeitwa mwandishi wa programu wa ofisi, kijana wa mlimani ambaye baba yake alikuwa amemaliza kung'oa kahawa msimu uliopita. Alikuwa mtu wa mzaha, na wakati huo hakuwa na mzaha.

"Hongera, dada mapokezi."

"Godi, usinianze."

"Sikuanzi. Utakubali?"

"Nikikubali, atanifundisha lini?"

Godbless aliegemea ukuta. Alitazama dirishani, mlima ulikuwa umefunikwa wingu mpaka magotini. "Nikuambie kitu, na usinitaje. Unajua kilichomo kwenye lile kabati?"

"Programu."

"Disketi za programu alizonunua kule kule alikosoma. Zilizokwisha pikwa. Hazifunguki ndani, dada. Mimi kazi yangu ni kufuta jina la mwenyewe pale juu kwenye kioo na kuweka la kwetu, na kugeuza maneno mawili matatu yawe Kiswahili. Nina miaka mitatu hapa. Unajua nilichoandika kwa akili yangu? Neno 'Karibu'. Nililipaka rangi ya kijani."

"Na yeye?"

"Bosi? Bosi anajua kuuza. Baba yake si aliuza vitambaa? Hujawahi kumwona akishona."

Hafidha alisimama na kikombe mkononi, maji yanatiririka. Hakuwa amenyimwa siri. Siri haikuwepo. Nusu mwaka na zaidi alikuwa amengoja mlango ufunguliwe wa chumba ambacho hakikujengwa.

"Sasa mbona wewe hukuondoka?" aliuliza.

"Niende wapi? Nikalime nyanya?" Godbless alifunga bomba. "Wewe pia ukae. Kiti ni kiti."

Alikaa siku ile yote akifikiri. Akibaki, atakuwa na mshahara, Zamda atapumua, na kila asubuhi ataketi karibu na ile printa. Babu atauliza baraza linafunguliwa lini, naye atadanganya, na atadanganya tena. Akiondoka, diploma imekwenda, na vyerehani vimekwenda nayo. Simu ililia mara nyingi. Kila alipoipokea alisema jina la ofisi kwa ile sauti tamu aliyofundishwa, hicho kikiwa kitu pekee alichofundishwa. Alasiri mteja alileta karatasi za kuchapishwa. Shamsudin akasema, "Hebu ondoa hilo dude hapo juu." Hafidha akakiondoa kilemba. Alikuwa akikishika kwa mara ya kwanza tangu kilipotoka nyumbani, na vidole vyake vilikutana na mahali babu alipofumua akarudia.

Hakukirudisha. Alikikunja, akakitia kwenye mkoba.

"Bosi, mimi naondoka."

"Saa kumi bado."

"Naondoka kabisa."

Shamsudin alimtazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu asiyejua kitu. "Baada ya babu yako kuja kunipigia magoti? Sikiliza, ukitoka hapo mlangoni, cheti usahau. Chuo wakinipigia, nitawaambia umetoroka kazi."

"Waambie," alisema Hafidha. Akashuka ngazi na mkoba wake.

Nyumbani hakusema. Alikuta babu amesogeza cherehani chake pembeni kabisa ya baraza, karibu na mfereji wa maji machafu. Mahali pazuri, penye mwanga, ameweka meza. Ameipiga msasa, ameipaka mafuta, ametandika kitambaa. "Hapo ndipo itakapokaa mashine yako," alimwambia. "Nimemuuliza fundi wa umeme, waya utapita juu." Hafidha akasema vizuri, babu. Kilemba akakificha chini ya godoro, maana kilemba kinachorudi nyumbani kinasema jambo moja tu: kimekataliwa. Chuoni alikwenda, akaambiwa kwa upole kwamba bila cheti hakuna la kufanya. Kila asubuhi aliketi kwenye ile meza tupu, akisema anasubiri mashine ifike, na wapita njia wakamsalimu, "Hujambo fundi."

Ijumaa Hatibu alirudi kutoka msikitini amechelewa. Hakuvua kofia. Zamda alimletea maji, akayaweka chini bila kunywa.

"Nimeonana na Shamsudin," alisema. "Pale tunapovulia viatu, mbele za watu. Ameniambia mjukuu wangu ametoroka kazi."

Zamda alishika mdomo. Hafidha akatazama sakafu.

"Kitambaa kiko wapi?"

Alikwenda akakileta. Hatibu alikifungua juu ya magoti yake, akapitisha kidole kwenye ukingo mpaka akafika kwenye doa la wino.

"Alikivaa?"

"Hapana, babu. Kilifunikia mashine."

"Na ile kazi, anaijua?"

"Haijui. Hakuna anayeijua pale. Wananunua iliyokwisha shonwa, wanabadilisha lebo."

Nje muuza mitumba alikuwa anapita akipiga makofi na kuimba bei za suruali. Hafidha alingoja kauli ile ya mtu aliyemtoroka fundi wake, na haikuja.

"Basi hukutoroka," alisema Hatibu mwishowe. Sauti yake haikuwa na faraja ndani yake. "Kutoroka ni kwa fundi. Nimekosea mimi. Zamani usingeuliza kama mwenye baraza anajua kazi. Asiyeijua angeketi vipi barazani? Nikamdarizia kilemba muuza duka." Akakikunja mara moja, akakifungua tena. "Na mimi ndiye niliyekushika mkono nikakuacha kwenye zile ngazi."

"Babu, nitatafuta pengine."

"Wapi?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

Kijana mmoja akasimama barazani na suruali ya jinzi begani, kiuno kingemtosha mtu na nduguye. "Fundi, nipunguzieni hii, na mifuko imetoboka, funguo zinadondoka. Ila msinipige bei, nimeinunua kwa shida."

Hatibu aliipokea suruali, akaigeuza ndani nje. Akatafuta kwenye kapu kipande cha kushonea mifuko, hakukiona. Akamnyoshea Hafidha kilemba.

"Kata hapa," alisema. "Pembeni ya doa."

Hafidha alichukua mkasi mzito mweusi. Alikitandaza kitambaa juu ya meza iliyopakwa mafuta, pale ambapo mashine ingekaa, akapima kwa macho, akakata. Alikata moja kwa moja, bila kula kitambaa. Babu yake aliona, akageuza uso kuelekea barabarani.